Dakika Tano na Kura Moja: Wanafunzi wa Japani Wanavyopeana Vitabu vya Likizo

Likizo ya kiangazi katika shule za Japani huanza kwenye tarehe 20 Julai hivi na kwisha mwishoni mwa Agosti. Kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Aprili, likizo hiyo huukata mwaka ukiwa umekwisha kuiva, na wanafunzi huondoka na furushi la kazi za nyumbani. Inayojulikana kuliko zote ni insha ya kitabu: mwanafunzi asome kitabu kimoja, aandike alivyokielewa na kilivyomgusa, kisha aikabidhi shule zikifunguliwa. Karatasi yake ina miraba 400, herufi moja kila mraba. Shindano la kitaifa la insha hizi, linaloendeshwa na Jumuiya ya Maktaba za Shule ya Japani pamoja na gazeti la Mainichi Shimbun, lilianza mwaka 1955, na tangu 1962 huambatana na orodha ya vitabu vilivyoteuliwa. Ukomo wa insha ni herufi 800 kwa madarasa ya chini ya shule ya msingi, 1,200 kwa madarasa yanayofuata, na 2,000 kwa sekondari.

Kama zoezi la uandishi, insha hiyo ina faida zake. Kama njia ya wanafunzi kupashana habari za vitabu, ina tundu kubwa. Anayeisoma ni mwalimu, na mwalimu anataka uthibitisho kwamba kitabu kimesomwa hadi ukurasa wa mwisho na kwamba kuna funzo lililopatikana. Basi mwanafunzi husimulia kisa chote, humaliza uhondo wote, halafu hufunga kwa funzo analodhani ndilo linalotakiwa. Insha ya namna hiyo, hata ikibandikwa ukutani, haimpi mwenzake sababu ya kukifungua kitabu, maana ameshaambiwa kila kitu.

Haja ya sababu hiyo huzidi kadiri umri unavyosonga. Uchunguzi wa usomaji shuleni wa mwaka 2019, ambao nao ulifanywa na jumuiya hiyo pamoja na gazeti hilo, ulionyesha kwamba katika mwezi mmoja mwanafunzi wa shule ya msingi alisoma wastani wa vitabu 11.3, wa sekondari ya chini 4.7, na wa sekondari ya juu 1.4. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa sekondari ya juu hawakugusa hata kimoja. Ipo desturi ya usomaji wa asubuhi, iliyoanza mwaka 1988 katika shule moja ya wasichana mkoani Chiba na kuenea nchi nzima, ambayo humpa mwanafunzi dakika 10 za kusoma kimya kitabu akipendacho kabla ya vipindi. Desturi hiyo inampa muda wa kusoma, lakini haimpi mtu wa kuzungumza naye juu ya alichosoma.

Jibu lilitokea mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2007, Taniguchi Tadahiro, wakati huo mtafiti kijana katika Chuo Kikuu cha Kyoto, alikuwa akitafuta njia ya kuchagua vitabu vya kusomwa na kikundi cha masomo. Taniguchi hakuwa mwalimu wa fasihi. Fani yake ni mifumo ya akili unde, roboti na mawasiliano. Kwa kawaida mkubwa wa kikundi ndiye huchagua kitabu na wengine hufuata. Yeye akageuza: kila mtu alete kitabu chake, akieleze, kisha wote wapige kura. Utaratibu huo ukaitwa Bibliobattle, na ndani yake inaonekana akili ya mhandisi, kwa maana kanuni ni chache na kila moja ina kazi yake.

Kanuni zenyewe ni nne. Kila mshiriki huja na kitabu alichokisoma na kukiona kizuri. Kila mmoja kwa zamu hukieleza kitabu chake kwa dakika tano. Baada ya kila maelezo, wote hujadiliana kwa dakika mbili au tatu. Mwisho, kila aliyehudhuria hupiga kura moja kujibu swali moja: ni kitabu kipi unatamani zaidi kukisoma? Kitabu chenye kura nyingi ndicho bingwa. Wazungumzaji nao hupiga kura, ila hakuna anayejipigia.

Uzito wote umo katika swali la kura. Mpiga kura haulizwi nani amezungumza vizuri, wala kitabu kipi ni bora au kina mafunzo. Anaulizwa juu ya hamu yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna mwalimu anayeweza kulijibu kwa niaba yake. Papo hapo kazi ya mzungumzaji hubadilika. Aliyekuwa akithibitisha kwamba amesoma sasa inambidi awatie wenzake hamu ya kusoma. Mbinu zilizokuwa zikimpatia alama kwenye insha humkosesha kura hapa. Kati ya kanuni nne hakuna inayokataza kufichua mwisho wa kisa, na wala haihitajiki, kwani anayeufichua hujikata miguu mwenyewe.

Mfano mzuri ni Kokoro, riwaya ya Natsume Sōseki iliyotoka mwaka 1914 na ambayo wanafunzi wengi wa sekondari ya juu hukutana na sehemu yake kwenye kitabu cha kiada. Inahusu kijana mwanafunzi na mtu mzima mmoja mpweke anayemheshimu, na sehemu yake ya tatu yote ni barua ndefu ya mtu huyo. Mwanafunzi wa insha ataeleza barua inasema nini, nani alimsaliti nani, na majuto yalimfikisha wapi. Mwanafunzi wa Bibliobattle ataishia kwenye treni: kijana yuko kijijini, baba yake yu mahututi kitandani, barua nzito inafika kutoka Tokyo, anaipitisha macho upesi, na bila kuaga vizuri anakimbilia kituoni na kumwacha baba katika hali hiyo. Kuna nini ndani ya barua? Hapo msemaji anaketi. Msomaji ni yule yule na kitabu ni kile kile, lakini swali linalomngoja mwishoni limebadilisha kila alichochagua kusema.

Kipimo cha dakika tano nacho si cha kubahatisha. Muhtasari wa kisa, hata ukivutwa, huisha mnamo dakika ya pili au ya tatu. Kanuni inasema dakika zote tano zitumike, na saa huwekwa mahali ambapo kila mtu anaiona. Akibakiwa na dakika mbili na hadithi imekwisha, mwanafunzi hana pa kukimbilia ila kwenye nafsi yake: alikipata wapi kitabu, kwa nini alikichukua, ni ukurasa gani uliomfanya akiweke chini na kuwaza. Dakika hizo mbili za kutapatapa ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Msikilizaji hupata kitu kisichopatikana kwenye jalada la nyuma wala kwenye orodha ya vitabu vilivyoteuliwa, yaani uhusiano wa mtu anayemfahamu na kitabu asichokifahamu. Ndiyo maana watetezi wa mchezo huu husema kwamba humfahamisha mtu vitabu kupitia watu, na watu kupitia vitabu.

Kwa sababu hiyo pia hairuhusiwi kugawa karatasi za maelezo wala kuonyesha picha kwenye skrini. Mzungumzaji husimama na kitabu mkononi, basi. Anayesoma hotuba iliyoandikwa huzungumza na karatasi yake, na darasa hulitambua hilo mara moja.

Mjadala wa dakika mbili au tatu huonekana mdogo, na shule nyingine huufupisha ili kuokoa muda. Ni kosa. Dakika hizo zipo ili mpiga kura apate habari anazozihitaji kufanya uamuzi: je, lugha yake ni ngumu, kina kurasa ngapi, mtu asiyependa hadithi za vita atakifurahia? Si mahali pa kumtega mzungumzaji wala kumkosoa. Maswali yakielekezwa kwenye kitabu, hata mwanafunzi aliyebabaika katika dakika zake tano hupata nafasi ya pili, na mara nyingi hujibu vizuri kuliko alivyoeleza, kwa kuwa sasa anaongea na mtu.

Hesabu ya kipindi inakubali. Kipindi cha sekondari nchini Japani ni dakika 50. Wanafunzi watano, kila mmoja akiwa na dakika tano za maelezo na tatu za mjadala, hutumia dakika 40. Zinazobaki hutosha kupanga zamu, ambayo kwa kawaida huamuliwa kwa mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi, na kupiga kura. Wakiwa sita, mjadala lazima upunguzwe uwe wa dakika mbili. Darasa la wanafunzi zaidi ya 30 hugawanywa katika makundi yanayoendesha mchezo kwa wakati mmoja, na vitabu bingwa vya makundi vinaweza kukutanishwa mbele ya darasa zima kipindi kingine. Kwa watoto wadogo lipo toleo la dakika tatu. Vifaa ni saa moja na vipande vya karatasi. Kwenye kundi dogo hata kuinua mkono kunatosha.

Mgawanyo huo wa makundi una faida nyingine. Kusimama mbele ya watu wanne si sawa na kusimama mbele ya ukumbi, na mwanafunzi mpole ambaye angekaa kimya kwenye hadhara hulazimika, kwa upole, kuzungumza. Kwa wale ambao hata hilo ni zito, shule nyingi huongeza njia iliyokopwa kwenye maduka ya vitabu ya Japani: kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono, yenye sentensi mbili tatu za kukisifia kitabu, inayosimamishwa kando ya kitabu chenyewe kwenye rafu ya maktaba.

Mchezo ulienea haraka. Mwaka 2010 iliundwa kamati ya kuueneza, na mwaka huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu wakashindana jijini Tokyo. Mwaka 2012 ulitwaa tuzo kuu ya Maktaba ya Mwaka, ingawa si maktaba. Shindano la kitaifa la sekondari ya juu lilifuata kuanzia msimu wa 2014.

Hapo kwenye mashindano makubwa ndipo kasoro zake zinapoonekana. Mwanafunzi anayepanda jukwaani kuiwakilisha shule yake hufanya mazoezi, hukariri na kupima kila kituo cha pumzi, na kile kigugumizi chenye thamani cha dakika ya nne hupotea. Kura nazo zina upendeleo wao: riwaya yenye fumbo huvuta watu upesi kuliko kitabu cha historia au cha mashairi, na mcheshi huanza akiwa mbele. Darasani hatari ni nyingine. Mwalimu akiteua vitabu yeye mwenyewe, au akijaza fomu ya alama za sauti, ishara na ufasaha, anavuruga mtambo mzima, kwa sababu wanafunzi hurudi kumtazama yeye. Kuna pia la kimaktaba. Kitabu bingwa chenye nakala moja huweza kutamaniwa na watu kumi siku hiyo hiyo, na hamu haikai muda mrefu. Maktaba inayopata majina ya vitabu kabla ya kipindi, si baada yake, huweza kuandaa nakala au kuazima kwenye maktaba jirani.

Insha ya likizo haijaondolewa. Shule nyingi huagiza vyote viwili: insha mikononi mwa mwalimu, na mchezo kati ya wanafunzi wenyewe. Kwa kufundisha kuandika, insha bado ni bora. Kwa kukihamisha kitabu kutoka mkoba mmoja hadi mwingine, Bibliobattle inashinda, alimradi kura ibaki kuuliza ni kitabu kipi mtu anatamani kukisoma.