Waya Haulegei Wenyewe

Mtamba wetu mwenye doa jeupe usoni hakuvunja kitu. Aliingiza kichwa kati ya waya wa pili na wa tatu, akasukuma kwa bega bila haraka, kama mtu anayejipenyeza kwenye matatu iliyojaa, na ilipofika saa moja asubuhi alikuwa katikati ya kabichi za jirani. Watu wana kawaida ya kuitaja methali ya ufa na ukuta kila kitu kinapoharibika polepole. Lakini ufa, angalau, unauona. Ua wa seng'enge uliolegea, ukiutazama kutoka barabarani, ni ua kamili: nguzo zimesimama, nyaya tano zipo, miiba ipo. Anayeujua ukweli ni ng'ombe.

Hapo ni Kinangop, Kenya, kwenye baridi, katika shamba moja kati ya yale yaliyogawanywa kwa skimu za makazi za miaka ya 1960. Nguzo zetu zilikuwa za mtarakwa, mti ambao ukiuchimbia ardhini bila dawa yoyote hukaa miongo. (Siku hizi tunanunua mikaratusi iliyotiwa dawa na kujifariji kwamba ni sawa tu.) Jirani alilipwa kabichi zake. Baba akafikiria kununua roli mpya za seng'enge, akapiga hesabu, akaghairi. Akamwita mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa nyua na hakuna kingine, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nikakabidhiwa kwake niwe wa kumshikia vyombo. Nilimwita Guka, kama tunavyomwita babu kwetu, naye akaniita kijana hadi siku ya mwisho.

Nilidhani tutaanzia pale mtamba alipopitia. Guka alipapita bila hata kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja hadi nguzo ya kona, akaitia teke. Ilikuwa imeinama kuelekea ndani ya safu, labda upana wa vidole vitatu pale juu.

"Mgonjwa ndiye huyu," akasema. "Waya haulegei wenyewe, kijana. Kuna mahali pamekubali."

Nusu ya siku ikaisha hatujagusa waya. Tulifukua kona, tukaisimamisha, tukarudisha udongo kidogo kidogo huku tukiushindilia kwa kitako cha mtaimbo, kila tabaka mpaka mtaimbo ulie kavu. Kisha likaja gongo la kuegemeza, limelazwa mshazari kutoka kwenye nguzo hadi ardhini, lipokee mvuto wa nyaya zote tano. Mimi nilikuwa na haraka ya kijana aliyeona chombo kipya ndani ya gunia na anataka kukijaribu.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kukazia waya: taya mbili za chuma, mnyororo kati yake, na mkono mrefu wa kuvutia. Kabla ya hapo nilikuwa nimeona nyua zikikazwa kwa makucha ya nyundo. Mmoja anaunasa waya, anaupindua kwenye nguzo na kujikaza kisabuni, mwingine anapigilia msumari upesi kabla mwenzake hajachoka. Atakayechoka kwanza, waya humrukia usoni. Guka alifanya jambo lililonishtua zaidi: aliukata ule waya wa juu, mzima kabisa, katikati ya safu. Akaunganisha kipande kifupi kwenye ncha moja kwa kitanzi, akabanisha taya moja kushoto, nyingine kulia, akaanza kuvuta mkono. Kila mvuto, ndoano iliruka pete moja ya mnyororo na ncha mbili zikasogeleana. Taya hizo zina akili ya ajabu: kadiri waya unavyotaka kuponyoka ndivyo zinavyouuma. Na kati yake, wakati safu nzima imenyooka kama uzi wa mwashi, zile ncha mbili zinaning'inia hapo laini, hazina mvuto wowote, mtu azifunge fundo taratibu kama anayefunga kamba ya kiatu.

Vyombo vya ukoo huu vimesambaa na mashamba ya mifugo kote duniani. Huko Oturehua, New Zealand, alikuwapo fundi mmoja, Ernest Hayes, aliyevipatia jina. Mkewe Hannah ndiye aliyezunguka kwa baiskeli shamba hadi shamba kutafuta wanunuzi wa vitu vya karakana yao. Nampenda zaidi huyo mama kuliko mumewe.

Waya wa pili niliachiwa mimi. Ilikuwa saa saba mchana, jua limewaka, nami nilitaka ukaze kuliko wa mzee. Nikaongeza pete mbili. Guka aliniona, akanyamaza, akasogea upande wa pili wa nguzo, ambako waya ukikatika haumfikii. Alfajiri yake, nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi, tuliukuta umekatika penye kutu.

"Ulikaza waya wa mchana," aliniambia. "Usiku nao una wake."

Miaka mingi baadaye nilipiga hesabu. Chuma cha mita 100, joto likishuka nyuzi 20, hufupika karibu milimita 24, upana wa kidole gumba. Waya uliofungwa kona hadi kona hauna pa kuutoa ufupi huo isipokuwa mwilini mwake. Yeye hakuhitaji hesabu. Aliukandamiza waya kwa kiganja, akausikiliza ukirudi, akajua pa kukomea.

Sitaki kuisifu seng'enge yenyewe. Kabla ya kuwa fundi wake, Guka aliijua kutoka ndani: mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, familia yao ilihamishiwa katika kijiji cha lazima kilichozungushiwa handaki na waya huuhuu. Alilisema hilo mara moja tu, akiwa na misumari mdomoni, na sikujua nimjibu nini. Kazini aliishika bila glavu.

Siku ya tatu nyaya zote zilikuwa zimerudi mahali pake. Akanituma nisimame kona ya chini, yeye akabaki ile ya juu, mkono wake juu ya waya wa tatu, auinue akihisi mvuto wangu. Nikauvuta waya mara mbili. Hakuinua mkono. Nikavuta tena. Akaanza kuteremka safu, nguzo baada ya nguzo, akiinama penye kila msumari, mpaka nguzo ya saba. Hapo nilikuwa nimepigilia kwa nguvu za ujana: msumari umezama wote, umeubana waya ndani ya mti, na mwiba mmoja umekwama chini yake. Akaung'oa nusu kwa makucha ya nyundo, akaacha upenyo wa waya kuteleza, akapanda tena bila kusema neno. Alipofika kona ya juu akaweka mkono. Nikavuta mara mbili.

Guka akainua mkono.