Mutu Katikati: Kitabu cha Kaunda Kilichosomwa Sakania

Kutoka Sakania kwenda Ndola si mbali. Gari la moshi lilifika Sakania toka kusini katika mwaka 1909, mbele ya kufika Elisabethville, na hata mbele ya gari lile Walala na Walamba walikuwa wakivuka kwenda kwa wandugu zao wa upande wa pili. Ndiyo sababu neno linalosemwa kule Zambia linasikiwa huku upesi.

Katika 1967 Bwana Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, alitoa kitabu kidogo kinachoitwa Humanism in Zambia. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kingine, A Humanist in Africa, ndizo barua alizomwandikia Colin Morris, muchungaji wa Wametodisti. Tumevisoma vyote viwili tena, kwani waseminari na wakatekista wametuletea ulizo hili: Je, ni halali kwetu kufanya kazi pamoja na vyama vinavyotaja mutu tu, bila kutaja Mungu? Vyama vile viko vingi siku hizi: vyama vya wakulima, kamati za wazazi, vyama vya kutetea haki za watu, likilimba ya wamama wa sokoni. Tulitaka kujua kama mwalimu huyu wa umanisimu anaweza kutusaidia kujibu.

Tuseme kwanza haki yake. Kaunda hakuwa mutu wa kukana Mungu. Baba yake, David Kaunda, alitoka Nyasaland kuhubiri Evanjili katika misioni ya Waprotestanti ya Lubwa, karibu na Chinsali, na mutoto alizaliwa pale katika 1924. Umanisimu wake unakubali Muumba. Lakini katika mambo ya inchi unaweka mutu katikati: serikali, chama, feza na mashini ni kwa ajili ya mutu, na mutu si kwa ajili yao. Kwa kuonyesha kwamba jambo hili si geni kwa Waafrika, Kaunda anatazama vijiji vya wazee wetu na kuona mambo matatu. La kwanza, watu walisaidiana katika kazi. La pili, walipokeana: muzaifu, muzee, mwenye akili nzito hakutupwa inje, alikuwa na nafasi yake. La tatu, undugu ulienea mbali, hata mutoto mumoja alikuwa na mababa wengi na wamama wengi.

Maneno haya ni mazuri, na mengi ni ya kweli. Mutu aliyekomea katika kijiji cha pande zetu atayatambua. Mukatekista anaweza kuyatumia akifundisha juu ya mapendo, na hatakosea. Lakini kitabu cha fundisho hakipimwi kwa maneno peke yake. Tumekipima kwa mambo mawili yaliyotokea karibu nasi.

Jambo la kwanza ni la Chifubu, muji wa wafanyakazi katika Ndola. Pale, katika mwezi wa kwanza wa 1965, Kaunda aliita watu waunde vyama vya ushirika vya kulima. Watu waliitika kwa furaha. Serikali ilitoa feza za kung’oa miti na kusafisha mashamba, ikakopesha nyingine. Matokeo tunayajua: vyama vingi vilisafisha shamba, vikapokea feza, na shamba likarudi kuwa pori. Deni nyingi hazikulipwa, na katika miaka michache vyama vingi vilikufa.

Sababu ni nini? Wengine walisema kwamba Waafrika ni wavivu. Ni uwongo, kwani watu walewale walilima mashamba yao wenyewe. Sisi tunaona kosa katika fundisho lenyewe. Kaunda alisifu kusaidiana kwa kijiji, lakini hakuuliza vya kutosha kusaidiana kule kulilindwa na nini. Katika kijiji kila mutu alijua jembe la mwenzake. Aliyekula pombe ya kazi bila kulima alisemwa mbele ya wote, na mwaka uliofuata hakuna aliyekuja shambani mwake. Kusaidiana kulikuwa na macho na kulikuwa na haya. Chama kilichokusanya watu wasiojuana, na kilichoanza na feza ya mbali, hakikuwa na kimoja cha vitu hivi. Wamama wa likilimba wanajua jambo hili vizuri: wanaanza wachache, wanatoa makuta yao wenyewe, na hawapokei mutu wasiyemujua nyumba yake.

Jambo la pili ni zito zaidi, na sisi wa Sakania hatuwezi kulinyamaza, kwani lilifika mulangoni kwetu. Katika 1964, miezi michache mbele ya uhuru wa Zambia, vita vilizuka katika inchi ya Chinsali kati ya serikali na watu wa Alice Lenshina, aliyeanzisha dini ya Lumpa. Watu wake walikuwa wamejenga vijiji vyao wenyewe na kukataa karti za chama cha UNIP. Palikuwa na ugomvi, nyumba zilichomwa, askari walitumwa, na mamia ya watu walikufa. Dini ile ilikatazwa katika mwezi wa nane. Maelfu wa waumini wake wakakimbia, wakavuka mupaka, wakakaa karibu na Mokambo, katika inchi yetu hii.

Hatutetei Lumpa. Fundisho lao lilikuwa na makosa, na wao pia walimwaga damu. Mutawala yeyote angekuwa na kazi ya kuleta amani. Lakini tuwaze hivi: katika 1967, wakati kitabu kilipokuwa kikisomwa Lusaka na kusifu jamii inayopokea kila mutu, watu wa Chinsali, wa pori lilelile ambamo Kaunda alizaliwa, walikuwa wakilima mihogo ya ukimbizi Mokambo. Na halafu? Simon Kapwepwe, rafiki yake wa utoto, alipounda chama kingine katika 1971, chama kile kilikatazwa katika 1972 na yeye akafungwa. Mwisho wa mwaka ule Zambia ikawa inchi ya chama kimoja. Basi, mutu aliyewekwa katikati ni mutu gani? Kama ni mwenye karti tu, basi karti ndiyo iliyo katikati.

Hii ndiyo hukumu yetu juu ya kitabu: kinaeleza vizuri namna wandugu wanavyopokeana, lakini hakitoi sheria ya kumulinda yule anayekataa kuingia. Umoja wowote unaotaja ubinadamu unapimwa kwa mutu asiye wa umoja ule.

Lakini wandugu, tusicheke jirani. Katika inchi yetu, mwaka uleule wa 1972, Mobutu alitaka vijana wa chama chake, JMPR, wawe na matawi hata ndani ya seminari, na Kardinali Malula alikwenda uhamishoni Roma. Wazee wetu walionja maana ya kuwa inje ya karti. Na katika vikundi vyetu wenyewe, mara ngapi tumefanya vilevile? Tunajua parokia ambamo mujane aliyepatwa na ugonjwa aliulizwa kwanza kama ndoa yake ilibarikiwa, halafu tu akapewa unga. Waliouliza hawakuwa watu wa UNIP. Walikuwa wakristu wa misa ya kila siku ya Mungu.

Sasa tujibu ulizo la waseminari. Papa Yoane XXIII, katika barua Pacem in terris ya 1963, alifundisha kwamba si sawa kuchanganya fundisho la uwongo na kazi za watu waliolifuata, kwani kazi zile zinaweza kuwa na mambo mema. Papa Paulo VI, katika Populorum progressio ya 1967, mwaka uleule wa kitabu cha Kaunda, alionyesha kwamba umanisimu wa kweli haufungi mulango kwa Mungu. Na Zambia yenyewe ilitupa mufano. Wakati serikali ilipotaka kufundisha usosialisti wa Marx, wakubwa wa Eklezia Katoliki na wa Waprotestanti waliandika barua moja katika 1979. Hawakutupa umanisimu wote. Walichagua, wakasema wazi wapi mukristu hawezi kufuata. Kaunda naye, aliposhindwa katika uchaguzi wa 1991, alitoka katika kiti bila kumwaga damu. Tunafikiri kwamba fundisho lake lilikuwa na sehemu katika tendo lile. Alikufa katika 2021, na wengi wa upande wetu walimulilia.

Basi mukatekista anayeitwa kusaidia chama kisichosali, aende. Atazame kwanza kama watu wanajuana na kutoa cha kwao. Atazame hesabu za feza kama zinasomwa mbele ya wote. Atazame zaidi namna chama kinavyomutendea mutu aliyekataa kuingia, au aliyetoka. Kama mutu yule anasalimiwa na kusaidiwa, mukatekista afanye kazi bila woga, wala asifiche imani yake. Kama anafukuzwa, aseme, na wasiposikia, atoke.

Halafu arudi parokiani, avipime vikundi vyetu kwa kipimo kilekile. Yoane alimwambia Yezu kwamba walimukataza mutu aliyefukuza pepo kwa jina lake, kwa sababu hakuwa mumoja wao. Tunajua Yezu alivyomujibu.