Picha ya Rangi za Maji na Jina Lake: Alexandra Darajani London, 1863

Picha za rangi za maji alizochora Robert Dudley kuhusu arusi ya Albert Edward, mrithi wa Malkia Victoria, zilipata bahati ya kupigwa chapa katika kitabu cha W. H. Russell cha mwaka 1864. Mtu akitaka kuieleza kwa Kiswahili ile ya Daraja la London, kalamu yake huandika upesi “msafara wa arusi ya kifalme”. Jina hilo lapotosha.

Arusi ilifungwa Windsor tarehe 10 Machi 1863. Magari yalipita darajani tarehe 7, siku Alexandra aliposhuka Gravesend kutoka Denmark. Basi tunachokiona ni mgeni kulakiwa, arusi bado. Hata kumwita “binti mfalme” ni kutangulia mambo, maana baba yake, Christian, alitawala Novemba ya mwaka huo.

Kiswahili hakikosi maneno hapa: kulaki, kusindikiza, kupeleka, na kila moja lina mwendo wake. Kwa desturi ya pwani, apelekwaye kwa shangwe ni bwana arusi, na bibi arusi hungoja ndani pamoja na kungwi wake. Siku ile ya London, Alexandra alipitishwa mchana kweupe, na Albert Edward alikuwa garini pamoja naye kabla ya ndoa. Msomaji wa Kiswahili akisoma “msafara wa arusi” atawadhania wamekwisha kuoana, nasi tutakuwa tumemdanganya kwa neno ambalo kisarufi halina ila.

Kuhusu kazi yenyewe, Dudley ni hodari wa bendera na mapambo. Rangi za maji zina wepesi unaovifaa vitu hivyo. Wepesi huohuo ndio unaomponza afikapo kwenye umati: watu wanakuwa pambo jingine, kana kwamba hawana miguu ya kukanyagana. Siku ile walinzi walipata taabu kuyafungulia magari njia mjini, na usiku wa arusi, taa zilipowashwa, watu kadhaa walikufa katika msongamano. William Holman Hunt aliuchora usiku huo kwa rangi za mafuta, na picha yake, iliyo katika jumba la Ashmolean huko Oxford, ina msongo ambao Dudley hakuutia. Kwangu mimi Hunt ndiye shahidi wa kuaminika zaidi, ijapokuwa Dudley anapendeza zaidi ukutani.

Upungufu mmoja ni wa wote wawili. Temeke au Kinondoni arusi hufika kwanza masikioni: matarumbeta juu ya gari la wazi, vigelegele, kisha ndipo watu watoke mlangoni kutazama. Mwenye kuiandikia picha hii maelezo ya Kiswahili ana ruhusa ya kutaja sauti ambayo brashi haiwezi. Ningeiita “Alexandra Alakiwa Darajani London”, na neno arusi ningeliacha kwa picha za Windsor.