Wapima Mitaro wa Dar es Salaam

Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wenyeji, ulianza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo, hasa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifundishwa kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Kata ya Tandale ilikuwa imekwisha kuonja kazi ya aina hiyo mwaka 2011.

Kazi ya kupima mitaro huanzia mtaani. Mwanafunzi hushika futi kamba, akapima upana na kina cha mtaro, akajaza kwenye simu kama ni wa zege au wa udongo, na kama umeziba kwa takataka. Mwenyeji anayeongozana naye humwonyesha alama ya maji ya mafuriko ukutani, kipimo kisichoonekana kwa setilaiti yoyote. Hapo ndipo mradi huu unapostahili pongezi zaidi.

Data huingizwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004, kisha hufunguliwa katika QGIS, programu isiyolipiwa. Mstari wa mtaro ukikatika kwenye skrini, ama mtaro umeishia uani kwa mtu, ama mpimaji ameruka kalavati. Kesho yake hurudi na futi kamba.