Bidoni Moja, Mgonjwa Mmoja

Kumfundisha sayansi mwanafunzi mwenye shaka ni kazi ngumu kuliko kumfundisha asiyejua kitu, kwa sababu mwenye shaka huja darasani na maelezo yake tayari. Huko Baraka na Fizi, mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, maelezo hayo hujitokeza somo linapofikia kolera, ugonjwa usiokoma huko. Ubaoni pameandikwa Kifaransa. Ubishi unakwenda kwa Kiswahili na Kibembe. Nyumba nzima imekunywa maji ya bidoni moja, ameugua mmoja. Kama ni kijidudu, mbona kimewaruka wengine? Basi huyo katiliwa sumu, au karogwa.

Mwalimu asiye fundi hukemea ushirikina, akafungua ukurasa unaofuata. Fundi hulipokea swali, maana hata profesa aliwahi kulishikilia. Mwaka 1892, mjini Munich, Max von Pettenkofer, mzee wa miaka 73, alikunywa mchuzi uliojaa vijidudu vya kolera. Alitaka kumwonyesha Robert Koch, aliyevichunguza Misri na Uhindi mwaka 1883 na 1884, kwamba kijidudu peke yake hakitoshi kuleta ugonjwa. Akaharisha kidogo tu, akajiona mshindi.

Darasa likishacheka, somo huanza. Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi. Kiasi kilichomezwa si sawa kwa kila mtu. Mwili uliokwisha kuugua kolera huwa na kinga kwa muda. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, ila choo chao huvirudisha vijidudu majini. Kwa hiyo wale wazima wa nyumba ile huenda nao wameambukizwa. Mbishi amejibiwa na hakuaibishwa. Swali la mama aliyefiwa, kwa nini wangu, ni jingine, na fundi halichanganyi na hili.

Hubaki hoja ya macho: maji ya ziwa ni maangavu, uchafu uko wapi? Hadubini ni adimu, lakini si lazima: daktari John Snow, London mwaka 1854, alilishuku bomba la Broad Street kwa kuhesabu waliokufa na kuuliza walikochota maji. Darasa linaweza kuchora mtaa wake vivyo hivyo. Hesabu ya mtaa mmoja ni ndogo na hupotosha. Mwalimu hulisema hilo mapema, kabla mbishi hajaligundua, kisha huwatuma kuhesabu mtaa wa pili.