Mikono ya Mpika Mbege

Pombe ya kienyeji ikitajwa, wengi hufikiria kinywaji cha wasioweza kununua bia. Dhana hiyo inawaonea wanawake wa Kichaga wa Marangu, Kibosho na Rombo, mkoani Kilimanjaro, waliorithishana upishi wa mbege kizazi baada ya kizazi. Mbege ni ya bei nafuu kwa sababu haidai mtambo wala kiungo cha kuagizwa nje: ndizi mbivu, ulezi, gome la msesewe, maji na kuni. Lakini uzuri wake haumo katika vitu hivyo. Umo kwenye jicho, pua na subira ya anayepika, na hivyo haviuzwi sokoni.

Anayetaka kujifunza aanze na ulezi. Ndizi zitampendeza zaidi, lakini kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ndicho kinachompambanua fundi na mbahatishaji. Ulezi huchaguliwa mchanga na mawe, ukaoshwa, ukalowekwa usiku kucha. Asubuhi humwagwa maji, ukatandazwa juu ya gunia safi, tabaka jembamba, kisha ukafunikwa kwa majani ya mgomba. Hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu ukifunua utaona vijimizizi vyeupe vimeshikana, na ukiingiza mkono utahisi joto, ingawa hakuna moto uliowashwa. Mbegu zinapumua. Hapo fundi huupindua ulezi ili usipate joto kupita kiasi, na hunusa. Harufu ikiwa ya majani mabichi, mambo ni mazuri. Ikiwa ya uvundo, au ukiona ukungu, mwaga wote. Najua inauma kutupa nafaka, lakini hakuna ujanja wa jikoni unaoweza kuokoa kimea kilichoota ukungu. Kikishachipua vizuri huanikwa juani hadi kikauke kabisa, kikafikichwa ili mizizi itoke, kikasagwa.

Kinachotokea ndani ya punje hiyo unaweza kukiona kwa macho yako kupitia togwa. Pika uji mzito, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha koroga humo unga wa kimea. Baada ya muda mfupi mwiko unaanza kuteleza. Uji uliokuwa umeshikana umekuwa mwepesi na mtamu, na hujatia hata chembe ya sukari. Vimeng'enya vilivyoamshwa na kuota kwa mbegu vimeuvunja wanga ukawa sukari. Vimeng'enya hivyo hupenda joto la wastani na hufa maji yakichemka, ndiyo maana kimea cha togwa hakitiwi kwenye uji unaotokota. Mwanafunzi aliyeipatia togwa ameshaielewa nusu ya kazi ya pombe yoyote ya nafaka duniani, iwe ya Moshi au ya Munich.

Ndizi nazo zina saa zake. Humenywa zikiwa zimeiva sana, zikachemshwa kwa saa nyingi hadi rojo lote ligeuke rangi ya udongo mwekundu. Likipoa huwekwa kwenye pipa au ndoo yenye mfuniko, likaachwa siku kadhaa lichachuke. Wachaga huliita nyalu. Chachu hula sukari na kutoa kileo na gesi, na bakteria wa asidi huongeza ule uchachu unaoipa mbege tabia yake. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg huko Denmark, Emil Christian Hansen alifanikiwa kuotesha chachu safi ya aina moja, na viwanda vya bia vikabadilika tangu hapo. Mpika mbege hakuhitaji maabara. Chachu yake imo hewani, kwenye vyombo na kwenye ndizi zenyewe, naye huilea kwa kuijua tabia yake. Mfuniko usibanwe kabisa, kwa maana gesi inatafuta njia, na pombe changa iliyofungiwa kwenye chupa inaweza kuipasua.

Nyalu ikiwa tayari huchujwa. Unga wa kimea hupikwa uji mwepesi uitwao mso, pamoja na msesewe unaotia uchungu kama hopsi inavyofanya kwenye bia. Uji ukishapoa huchanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake watu wanakunywa. Kwenye kiasi cha gome ndipo mikono hutofautiana, na hapo sitatoa kipimo: nenda kwa mama anayesifiwa mtaani kwake, umsaidie kumenya ndizi, uone anachovunja na anachorudisha kwenye kikapu. Gongo ni habari nyingine. Hiyo hupatikana kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, ina hatari zake na sheria zake, na anayeanza asiiguse.

Usafi wa vyombo ndio gharama pekee ambayo singekubali ipunguzwe: sufuria iliyosuguliwa, kitambaa cha kuchujia kilichochemshwa, ndoo isiyowahi kubeba mafuta wala dawa. Na pika kidogo. Mbege haikai, baada ya siku mbili tatu huwa kali na chachu mno, kwa hiyo mpikaji huita watu ikiwa bado tamu. Ndoo moja inawatosha majirani wa kwanza, na watakaporudisha kata watakuambia kama msesewe ulizidi.