Jedwali la wingu mbele ya rezo ya Baraka

Mwezi Juni 2017 Amazon iliiwekea hifadhidata yake ya DynamoDB zana ya kupanua na kupunguza uwezo wa jedwali bila mtu kugusa kitufe. Zana hiyo ilibuniwa kwa mzigo unaopanda polepole: watu wanaamka, wanashika simu, maombi yanaongezeka mpaka mchana, usiku yanapungua. Mzigo wa Baraka, mji wa mashariki mwa Kongo, haupandi hivyo. Mnara ukiishiwa mafuta au jua likikosa kuchaji betri, simu zilizoko kando ya Ziwa Tanganyika na kule juu Fizi-centre zinaendelea kuandika na kujiwekea. Rezo, yaani mtandao wa simu, ikirudi, zote zinamwaga mzigo kwa mara moja. Kwa mzigo wa aina hiyo, nadhani zana ya 2017 ni chaguo baya, na hesabu inaonyesha hivyo waziwazi.

Tuanze na inavyofanya kazi. DynamoDB, iliyozinduliwa Januari 2012, inakodisha uwezo kwa vipimo. Kipimo kimoja cha kuandika kinakupa rekodi moja kwa sekunde, isiyozidi kilobaiti 1. Cha kusoma kinafika kilobaiti 4. Mwenye jedwali anataja kikomo cha chini, kikomo cha juu, na asilimia ya matumizi anayoilenga, kati ya 20 na 90. Wengi wanaiacha 70 ile waliyoikuta. Kengele zinapima matumizi kila dakika. Yakipita lengo kwa dakika mbili mfululizo, uwezo unaongezwa. Kushusha kunataka subira zaidi: matumizi yabaki chini kwa dakika 15, na bado kuna mgawo wa siku, mara nne ndani ya saa moja ya kwanza, kisha mara moja kwa saa.

Sasa tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye sura ya huko. Vituo 60 vya afya katika zoni za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge vinaandika wagonjwa kwenye simu, kipindupindu kikiwemo, ugonjwa ambao ukanda huu wa ziwa haujapata kuagana nao. Siku tatu hakuna rezo. Kila simu imelimbikiza rekodi 200, jumla 12,000. (Mfumo wa taifa wa taarifa za afya nchini Kongo unatumia DHIS2, ambayo data zake hukaa kwenye PostgreSQL, wala si DynamoDB. Programu yake ya simu nayo inaandika bila rezo na kutuma baadaye, kwa hiyo tabia ya mzigo ni ile ile.)

Jedwali letu lina kikomo cha chini cha vipimo 10 vya kuandika. DynamoDB ina huruma ndogo hapa: uwezo usiotumika unawekwa akiba kwa sekunde 300, yaani rekodi 3,000. Rezo inarudi asubuhi. Akiba inaliwa ndani ya dakika ya kwanza. Zimebaki kama 9,000, na mlango unapitisha 10 kwa sekunde; hata zingejipanga foleni kwa adabu, ni dakika 15. Simu hazijipangi. Inayokataliwa inajaribu tena, nyingine 59 nazo zinajaribu tena, mara nyingi kwa sekunde ile ile.

Hapo ndipo kuna kasoro ambayo watu wengi wanaipita bila kuiona. Kengele inasoma kilichotumika, haisomi kilichoombwa. Akiba ikishakwisha, matumizi hayawezi kuzidi 10 hata kama nje kuna maombi elfu, kwa sababu 10 ndicho kimo cha mlango. Zana inagawa 10 kwa 0.7, inapata karibu 15, inapandisha hadi hapo. Duru inayofuata ni 22, kisha 32. Kila ngazi inakula dakika zake za kupima na kuamuru. Zana inapanda ngazi huku mzigo umesimama kama ukuta.

Muuguzi wa kituo hana dakika hizo. Amenunua mega kwa pesa yake, amewasha data, ameona alama nyekundu, amebonyeza tena, kisha amezima ili mega zisiishe. Rekodi zake zitangoja kesho. Ripoti ya kipindupindu inayochelewa siku moja ni hasara ambayo haitaonekana kwenye grafu yoyote ya Amazon. Mhandisi ataona maombi kadhaa yaliyobanwa na jedwali lililojirekebisha lenyewe, naye ataandika kwamba mfumo ulifanya kazi.

Upande wa pili wa mlima una mtego wake. Tuseme jedwali limefika vipimo 80, kazi ikaisha, kisha rezo ikakatika tena. Matumizi yanakuwa sifuri kabisa. Mtu angetarajia uwezo ushuke, lakini mwongozo wa Amazon wenyewe umeonya kwamba matumizi yakiwa sifuri zana haishushi: hakuna namba inayofika kwenye kengele, na kengele isiyo na namba haiamuru kitu. Jedwali linabaki 80. Kwa bei ya kanda ya Amazon ya Virginia, dola 0.00065 kwa kipimo kwa saa, siku tatu za ukimya zinagharimu dola 3.74. Ni pesa kidogo, ndiyo, lakini jedwali hilo hilo likibaki kwenye 10 linakula dola 4.75 kwa mwezi mzima.

Njia nyingine ilikuja Novemba 2018: kulipa kwa kila ombi, bila kutaja uwezo. Jedwali jipya la aina hiyo linaanza likiwa tayari kupokea uandishi 4,000 kwa sekunde. Novemba 2024 bei yake ilikatwa nusu, ikawa dola 0.625 kwa uandishi milioni moja huko Virginia. (Cape Town, ambako Amazon ilifungua kanda yake ya kwanza Afrika mwaka 2020, bei ziko juu zaidi, lakini uwiano haubadiliki sana.) Hata kama simu zetu zingemwaga rekodi 12,000 kila siku, mwezi ungekuwa na 360,000, yaani senti 23 za dola. Zile 4.75 za vipimo 10 vilivyokodishwa zilikuwa zinalipia nini? Vingeweza kuandika zaidi ya rekodi milioni 26 kwa mwezi, na sisi tunatumia kama asilimia 1.4.

Mstari wa kugawa njia hizi mbili si mgumu kuuchora. Kipimo kimoja kwa saa kinaweza kuandika mara 3,600. Kazi hiyo hiyo kwa kulipa kila ombi ni dola 0.00225. Kukodisha kunashinda pale tu unapotumia zaidi ya asilimia 29 ya ulichokodi, saa zote kwa wastani. Kabla ya 2024 ilikuwa asilimia 14 na kidogo, ndiyo maana ushauri ulioandikwa miaka ya nyuma hauna budi kupigiwa hesabu upya. Kampuni ya kutuma pesa kwa simu inayohudumia Kongo nzima, kuanzia Kinshasa hadi Lubumbashi, inapita asilimia hiyo bila shida, na kwake zana ya 2017 ni nzuri. Zoni tatu za afya hazitaifikia.

Wapo wanaoiokoa zana kwa ratiba: pandisha uwezo saa fulani kabla mzigo haujafika. Ratiba hizo zinakwenda kwa saa za UTC usipotaja kanda ya muda, na hapa Kongo ina mtego wake. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, Baraka iko saa mbili. Mhandisi wa Kinshasa akiandika saa mbili asubuhi ya kwake, Baraka tayari ni saa tatu na foleni imeshajaa. Anatakiwa ataje Africa/Lubumbashi. Na kuna kazi ambazo hata hapo ratiba haizifikii. Wavuvi wa ndakala wanavua kwa taa, usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu ndakala hazifuati taa, na soko la asubuhi linapoa. Daftari la simu la wachuuzi wa samaki litafuata mwezi wa angani, na ratiba ya Amazon inajua kalenda ya ukutani tu.

Kulipa kwa ombi hakumalizi kila kitu. Mlango wa jedwali ukipanuka, kizuizi kinahamia kwenye ufunguo, kwa kuwa kipande kimoja cha jedwali hakipokei uandishi zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Ukitumia jina la zoni kama ufunguo, vituo vyote vya Fizi vinarundikana kipande kimoja. Tumia namba ya kituo.

Simu nazo zifundishwe kutojaribu kwa pamoja. Marc Brooker, mhandisi wa Amazon, alionyesha mwaka 2015 kwamba kungoja muda unaorefuka hakutoshi. Muda huo unatakiwa uwe wa kubahatisha, kila kifaa na wake. Ukitawanya rekodi zetu 12,000 kwa dakika 20, wastani ni 10 kwa sekunde, na hata jedwali letu la mwanzo lingezimudu. Lakini hapo anayengoja ni muuguzi mwenye mega zinazokwisha. Ningetawanya kwa sekunde chache tu, nikaacha jedwali libebe.

Hofu iliyobaki ni ya bili: kosa moja kwenye programu, simu inatuma rekodi ile ile usiku kucha. Tangu 2024 jedwali la kulipa kwa ombi linaweza kuwekewa kikomo cha juu. Kwa vituo 60 ningeweka uandishi 500 kwa sekunde. Mlimbikizo wa siku tatu unapita kwa sekunde 24.